Kengele ya Salat Katika Kinanda cha Diriye

Diriye Sugow Abdinur anastaafu tarehe 30 Juni 1998, baada ya miaka ishirini na minne katika Kituo cha Kanda za Mafunzo, Garissa. Aliajiriwa kama fundi wa kurekodi na anaondoka akiwa fundi wa kurekodi. Kwa nini cheo hakikusogea, waulizwe wakubwa wa Nairobi, si yeye.

Mwaka 1988 mradi mmoja wa wageni ulifunga virago ukatuachia kinanda cha kijivu, kizito kama gunia la sukari. Hiki hakipigwi tu, kinanasa sauti. Vinanda vya namna hiyo vilipotoka mara ya kwanza, miaka michache kabla, vilikuwa na bei ya nyumba, na kwa bei hiyo ulipata sekunde mbili hivi za kumbukumbu. Chetu ni cha uzao huo. Hukata kila sekunde vipande elfu ishirini na saba, na kila kipande hukipa namba moja kati ya mia mbili hamsini na sita. Piga hesabu: vipande elfu hamsini na nne, basi, kimeshiba. Ukibonyeza kidude cha juu, sauti hupanda na kwenda mbio. Cha chini, huwa nzito na kujikokota. Umeme ukikatika, kinasahau kila kitu mpaka kilishwe diski upya. Tuliomba stabilaiza ya kutuliza umeme kila bajeti. Tukaletewa mapazia.

Mwingine angekitumia kupiga harusini. Diriye alikipeleka kwenye kazi. Alinasa punda wa maji wakikohoa, na nyuzi za kaban, ile gambusi ya Kisomali, za mpigaji mmoja aliyekimbia Mogadishu akafikia kambi ya Dadaab, uzi mmoja mmoja, kwa subira. Alinasa pia kigelegele cha Arbia, karani wetu, kisha akakipiga kwenye kidude cha chini kabisa, kikatoka kama ngamia dume mwenye homa. Arbia hakumsemesha Ramadhani nzima. Sasa ndiye anayeandaa chai ya leo.

Lakini tusipomtaja Salat tutakuwa hatujamuaga Diriye.

Mwaka 1990, katika soko la mifugo, Diriye alinasa koor, ile kengele ya mti anayovishwa ngamia. Hakuuliza ni ya nani. Miaka mitatu baadaye tulitoa kanda ya maradhi ya ngamia, na ili wasikilizaji wasisinzie, Diriye akaiweka kengele ile mwanzoni, kwenye kidude cha juu. Kanda ikafika Modogashe, ikapigwa katika hoteli moja ya chai. Mfugaji aitwaye Salat aliweka kikombe chini, akatoka, akapanda lori la kwanza la kuja Garissa.

Ngamia wake jike alikuwa ameporwa na majambazi mwaka uliotangulia, na kengele shingoni. Kengele hiyo ilichongwa na marehemu kakake, na mfugaji huijua koor yake kama unavyokijua kikohozi cha baba yako. Salat alisimama mlangoni pa studio na fimbo mabegani. Hakutusalimu.

“Warya, ngamia wangu mko naye. Mbona mnamkimbiza?”

Wapo waliocheka. Diriye hakucheka. Alimkalisha, akamwita adeer, yaani ami, akamweleza kwamba ngamia hayupo, kwamba ile ni sauti tu, na ilinaswa kabla ya wizi. Mzee hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Ndipo Diriye akashusha kidole mpaka kidude cha katikati, pale ambapo sauti hutoka kama ilivyoingia.

Salat alisikiliza. Akaomba tena. Akaomba tena.

“Huyo sasa anatembea,” akasema.

Ngamia hajapatikana hadi leo. Tangu siku hiyo, kila Salat aletapo mbuzi sokoni, hupita kwetu na kibuyu cha maziwa, na Diriye huacha alichokuwa akifanya. Kengele kwa mwendo wake halisi haiko kwingine kokote duniani ila katika diski moja, na diski hiyo haisomwi na mashine nyingine tuliyo nayo. Ndiyo maana mafuriko ya El Nino yalipoingia studio, Diriye alipita kando ya makabati ya ofisi akabeba kinanda kichwani pamoja na diski yake. Aliandikiwa onyo kwa ajili ya makabati.

Mwezi uliopita kinanda kiliandikwa chakavu, kitupwe. Sisi tulikuwa tumeshamchagulia Diriye saa ya ukutani. Akakataa kwa adabu, akaomba chakavu hicho. Bodi ilikubali juzi. Nimekifungua mwenyewe, nikapuliza vumbi, nikabadilisha fyuzi. Lori la Modogashe litakipakia Jumatano pamoja na Diriye mwenyewe. Salat ameshatafuta huko mahali penye jenereta.

Diriye, ahsante kwa kazi, na kwa masikio. Tunakutakia siku njema na mwendo wa ngamia asiyefukuzwa. Ukifika, bonyeza pale katikati.