Sikustaafu, Nilisimamishwa

Nick, zima hiyo televisheni ukae chini. Naeku, sogea upande wa sikio linalosikia. Ndugu yangu Kuntai, kaa pia, mengine ni yako. Daktari wa Kajiado ameniambia figo zimekataa na wiki siimalizi, basi haya ndiyo maneno yangu ya mwisho kwenu, nami nitayasema kwa hasira kwa sababu nimekasirika.

Jana mchana mlidhani nimelala. Niliwasikia hapo sebuleni mkikubaliana kwamba Naeku apige simu ajitoe kwenye pigano la Jumamosi, eti binti hawezi kurusha ngumi huku baba yake anakata roho. Mkaiita heshima. Mbona hamkuniuliza mimi ninayekufa?

Nilikuwa bingwa wa taifa wa uzani wa kati, umri miaka thelathini, na kwa miaka minne sijapigwa na mtu, nikafanya kosa moja: niliuliza mbele ya watu kwa nini sisi mabondia tunalala sakafuni kwenye darasa la shule na viongozi wetu wako hotelini. Wiki iliyofuata nikaletewa barua ya chama cha ndondi ya kunisimamisha mpaka kesi yangu isikizwe. Haikusikizwa. Kila Jumatatu nilitoka hapa Kitengela nikaenda kukaa kwenye benchi la ofisi yao, nikaambiwa faili iko kwa mwenyekiti, mwenyekiti yuko safarini, rudi Jumatatu, na hivyo hivyo wakanila miaka mitatu. Mkanda wangu wakampa mtu niliyekuwa nimemwangusha mara mbili. Waliponifungulia, nilipanda ulingoni na miguu nisiyoitambua, macho yanaona ngumi ikija na kichwa kinakataa kuondoka, nikaanguka raundi ya tatu mbele ya Kitengela yote. Hiyo ndiyo wanayokumbuka. Hata leo nikipita steji ya matatu mtu anamwambia mwenzake, huyu ndiye yule alilala raundi ya tatu. Yale mapigano ishirini na moja niliyoshinda hayana msimulizi.

Na wewe Kuntai, ulikuja wakati huo ukaniambia nishukuru Mungu, nipumzike, nichunge ng'ombe. Nimekuchukia kwa hayo maneno miaka mingi. Leo nimekusamehe, lakini ukimrudishia binti yangu hayo maneno, usije kwenye maziko yangu.

Ng'ombe na boma la Kajiado ni vya Nick, na asiuze hata kipande cha ardhi kwa watu wa kukata ploti. Nyumba hii ni ya mama yenu, asisumbuliwe. Ile klabu ya ndondi nyuma ya duka la hardware, na mifuko yake na ulingo wake, ni ya Naeku peke yake. Na kwenye ile historia ya marehemu inayosomwa kanisani, mtu asiandike kwamba nilistaafu ndondi. Nilisimamishwa. Andikeni hivyo, na jina la chama mlitaje.

Naeku, uko na miaka ishirini na tisa na mkanda uko Jumamosi. Ukijitoa watampa mwingine, watakuambia pole, watakuambia subiri, nami najua kusubiri kunakaa wapi kwenye mwili. Walionisimamisha mimi walikuwa maadui. Wewe sitaki usimamishwe na maiti ya baba yako. Nikifa leo, nikifa Ijumaa, nikifa ukiwa unafungwa glavu, usishuke. Na nyinyi mkitaka kunizika Jumamosi, nizikeni bila yeye, na mtu asimseme.

Nick, wewe ndiye wa kwanza kusema ajitoe. Basi ni wewe utashika ndoo kwenye kona yake. Usinijibu... nimechoka.

Nipeni maji kidogo. Baraka yetu hutemwa kwa mate mikononi, na mdomo wangu umekauka. Naeku, lete mikono. Yote miwili. Kunja ngumi. Mungu wetu Enkai akupe ile pumzi... waliyoninyima. Akupe... ngoja. Sogeza, sioni vizuri.

Hapo. Usipanguse. Saa kumi imefika... nenda mazoezini.