Ndoo ya Mlango wa Jikoni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ketini kama mnaweza. Mama tunayemkumbuka leo, kuketi kulimshinda.

Agnès Ntumba, fundi wa kushona wa mtaa wetu wa Kamalondo, ametutoka akiwa na miaka sitini na moja. Wengi mnamjua kwa franjipani zake. Miti mifupi, kimo cha kifua, maua meupe yenye njano katikati, na harufu iliyokupokea kabla hujafika langoni. Miti sita. Yote sita ndani ya ndoo kuukuu za rangi. Hakuna aliyewahi kumwona akipanda hata mmoja ardhini.

Alizaliwa hapa hapa Kamalondo, kwa wazazi waliotoka Kasai. Mwaka wa tisini na tatu, familia nyingi za asili ya Kasai zilipofukuzwa hapa Katanga, naye alipanda gari-moshi, binti yake Benita mgongoni. Uani aliacha franjipani ya marehemu mama yake. Aliporudi baada ya miaka saba, mti ulikuwa umekatwa na pale pamejengwa choo. Alilia sana. Kisha akatafuta kiwanja kingine, akaomba matawi kwa jirani.

Tangu hapo hakutulia. Anashona mkono mmoja wa blauzi, anainuka. Ndoo hii haina jua, anaisukuma. Ile imejaa maji, anaiinamisha. Mfuko wa nguo ulikaa nyuma ya mlango, umefungwa, miaka nenda miaka rudi. Lakini ukija kumwomba tawi, alikuonya: "Usipande leo! Kidonda yake ikauke kwanza, juma mbili, ao itaoza." Yeye huyo, asiyeweza kungoja chai ipoe!

Kila mvua zilipoanza, Benita alirudia ombi lake.

"Mama, ile miti inateseka mu ndoo. Tuipande mu udongo."

"Na siku batatufukuza tena, weye njo utaing'oa?"

"Nani atatufukuza? Hii parseli, hii kiwanja, iko yetu!"

"Hata ile ya mama yangu ilikuwa yetu."

Benita anakiri kwamba jibu hilo lilimchoma. Alitaka kupaka ukuta rangi, kutundika pazia, kuishi. Mama yake akisema ngoja, ngoja. Kuna wakati hawakusemezana juma zima.

Mwezi Juni, baridi ilipoingia na majani kupukutika, Ntumba alizikokota ndoo tano hadi kibarazani. Ya sita, ya mlango wa jikoni, aliifunika blanketi pale pale. Ulikuwa mwaka wa tatu akiiacha hapo. Alisema magoti yanamuuma.

Mwezi Julai, Ntumba akafariki. Siku ya kilio, mdogo wake Émile alitaka kusimamisha hema uani. Ndoo ya sita ilikuwa njiani. Akaivuta, ikakataa.

"Hii muti ilisha kufa," alisema, akitazama vijiti vitupu. "Tukate."

"Apana, oncle!" Benita alimzuia mjomba wake. "Iko inalala tu. Baridi ikiisha itatoa majani."

Benita akapiga magoti, akafukua udongo kando ya ndoo kwa mikono yake. Ndoo haikuwa na kitako. Si kutu, wasikilizaji. Kilikuwa kimekatwa, mzunguko mzima, ukingo laini, kazi ya mtu aliyezoea kukata. Na mizizi, minene kama kidole gumba, ilikuwa imeshuka zamani ndani ya udongo wa Kamalondo.

Benita akakaa chini pale pale.

"Angeniambia," alilia. "Mama, ungeniambia tu! Nimegombana naye bure miaka tatu."

Hema lilisimamishwa upande wa pili.

Kwako Benita, kwako mzee Émile, na kwa jamaa yote, poleni sana. Mungu awafariji. Nasi tunaobaki tujiulize: kuna neno gani jema tumelifunika kwa kiburi, na mwenye kulingoja bado anasikia? Tumwambie leo.

Nyumbani kwa Ntumba, mashimo matano yamekwisha kuchimbwa uani. Benita anangoja mvua.