Realtin Akishinda

Benchi liko chini ya dirisha langu la kuuzia kahawa, hapa mjini Kildare, ambapo upepo wa uwanda wa mbio za farasi wa Curragh unaingia mpaka ndani ya soksi. Siku ya mbio benchi hilo hugeuka mahakama. Alasiri ile kesi ilikuwa moja: mbio za farasi wa miaka miwili ambao hawajawahi kushinda, wengi wao hata kukimbia bado. Mmoja wao aliitwa Realtin, jike mwekundu ambaye binti yangu Sorcha amemtunza tangu azaliwe. Hakuna aliyewahi kumwona akishindana, kwa hiyo kila mtu alikuwa na habari zake kamili.

— Anashinda, alisema Kwato, yaani mzee Fintan, aliyepigilia farasi viatu mpaka mgongo ukagoma. — Baba yake alishinda akiwa na umri huohuo. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Baba yake ana watoto zaidi ya mia, alijibu Attracta, tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. — Wengine wanavuta mikokoteni ya watalii.

— Hao wamefuata upande wa mama.

Askofu alikohoa. Jina lake Malachy; alikaa seminari muhula mmoja na hajaacha kuhubiri.

— Ninyi mnaangalia damu. Mwangalieni mkufunzi wake. Ijumaa kanyoa nywele. Mtu hanyoi kama hategemei kupigwa picha na mshindi.

— Alikuwa anamzika shemeji yake, Malachy.

— Kanyoa mara moja kwa yote mawili. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mimi nimenong'onezwa na muuza nyama, Kwato akasema kwa sauti ya chini. — Huyu farasi kafichwa makusudi.

— Muuza nyama nimemwambia mimi, asubuhi, alisema Redio.

— Na wewe umeambiwa na nani?

— Na wewe, jana.

Kwato akafikiri kidogo.

— Basi tumeshakuwa watu watatu tunaosema jambo moja.

— Lisemwalo lipo, Askofu akamalizia. — Noreen, wewe mama wa mtunzaji. Hebu sema.

— Sorcha anasema anakula vizuri, nikajibu.

— Mnaona? Anakula.

Mwanamke mmoja mwenye sanduku la magurudumu, aliyekuwa akingojea basi, alinunua kahawa na kuomba aketi pembeni. Aliwasikiliza mpaka Askofu akaeleza kwamba hata mvua imesimama kwa ajili ya Realtin.

— Samahani, alisema. — Akishinda, halafu?

— Halafu ameshinda, Kwato akamwambia kwa upole.

— Nimeelewa. Halafu?

Redio alimtazama Askofu. Askofu alinisogezea kikombe chake nikijaze. Wamekunywa kwenye benchi lile miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuwauliza hivyo.

Mimi nilikuwa na jibu, nikalimeza. Tangu Alhamisi mnunuzi wa farasi kutoka Australia alikuwa mjini. Akimpenda Realtin, atamchukua kwa ndege, na Sorcha atakwenda naye kumtunza huko. Pasipoti ya Sorcha ilikuwa tayari juu ya friji. Benchi zima lilikuwa likimwombea ushindi, nami nilikuwa nikiwamiminia kahawa ya kuombea.

Mbio zikaanza redioni. Realtin alitoka wa mwisho, mtangazaji akasema farasi huyo anashangaa watu jukwaani. Kisha akaona wenzake wanakwenda, naye akaona bora aende. Akawapita mmoja mmoja. Akamaliza wa pili, kazidiwa urefu wa kichwa tu.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Askofu.

— Ni mbio za farasi, Malachy.

Wakainamisha vichwa kama watu waliofiwa. Mimi nilianza kupanga chakula cha jioni, viazi vya watu wawili. Simu ikalia.

— Mama, alisema Sorcha, mnunuzi kasema Realtin hajui kukimbia na bado kawa wa pili. Anamchukua. Lile begi kubwa liko wapi?

— Juu ya kabati. Zipu yake imekufa.

— Nitalifunga kwa kamba.

— Haya.

Nilipoweka simu, wote walikuwa wamenigeukia.

— Kasemaje? aliuliza Redio.

— Kaulizia begi.

— Kwani anakwenda wapi?

Yule mgeni alinitazama, kisha akashika sanduku lake; basi lilikuwa linakuja.

— Tuongezee kahawa basi, Noreen, alisema Kwato.

Nikamwambia imekwisha, nikafunga dirisha.