Simu ya Ikutha

Mwaka wa 1998, ndani ya basi la Kitui, Tumu alisikia mwanamume mmoja akimuuliza mama aliyeketi naye, "Kikundi chenu cha kijijini kule Ikutha bado kinaomba kuletewa simu?"

"Bado. Sasa tunaiombea shule kompyuta pia, ile ya intaneti."

"Simu yenyewe si mlinyimwa?"

"Watu wa Posta walisema sisi ni wachache mno kuvutiwa laini." Sauti ya mama ilififia. "Bwanangu alifia Mombasa. Wenzake wa kazi walikosa njia ya kunijulisha, wakamzika. Mimi nilipata habari kwa dereva wa basi."



"Pole sana, mama," mwanamume akasema. "Lakini sasa simu ikija utampigia nani?"

"Jirani yangu Nzilani bado ana bwana hukohuko Mombasa."

Basi likasimama. Mama akashuka, akaelekea ofisi za wilaya kuomba simu tena.