Mama Tarsisi Anarudi Tinde

Mwaka 1978, kwenye basi la Tinde, mbele yangu alikaa mjane mzee, Mama Tarsisi, akitoka hospitali na dawa ya macho. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe anayopikia badala ya kuni, na kwetu macho mekundu yameshawaua vikongwe wengi kwa kudhaniwa wachawi. Alimwonyesha abiria mwenzake, Jilala, barua isiyo na jina aliyoikuta mlangoni kwake: ahame kabla ya mvua, la sivyo atakatwa panga.

"Mayu, mama yangu, mvua ndiyo hii imeanza," alisema Jilala. "Twende ukakae kwangu, mke wangu yupo."

"Nikihama watasema kweli nilikuwa mchawi, kisha wamgeukie binti yangu. Mungu ameahidi hataniacha, mwanangu."

"Ameahidi kwamba panga halitakufikia?"

"Hilo hakuahidi." Akaikunja barua. "Ameahidi kwamba likinifikia, sitakuwa peke yangu."

Basi zima tukatazama nje, kana kwamba kulikuwa na cha kutazama.

Tulipofika Tinde basi likasimama, Mama Tarsisi akashuka. Mimi pia nilikuwa nashukia hapo, na njia yetu ni moja. Nikajifanya natafuta kofia chini ya kiti mpaka alipofika mbali.