Aliyesimama Mlangoni mwa Chumba cha Wanawake

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minane katika stesheni yetu ya reli, msimamizi wa abiria anastaafu. Wengi mnamjua kwa jina la Kiguu na Njia, na huitika bila kinyongo. Sisi wa dirisha la tiketi tunamwita Dada. Nilipomwambia nimeombwa kumwandikia maneno mawili matatu ya kumuaga, alinikazia macho. "Kama utaandika nilikuwa mchapakazi tu, usijisumbue. Andika na yale mengine." Basi naandika na yale mengine.

Alianza kazi akiwa binti wa miaka ishirini na miwili, mhudumu wa chumba cha kusubiria cha wanawake. Chumba kilikuwa na mabenchi mawili, kioo, mtungi wa maji na mlango wenye komeo kwa ndani. Alitakiwa afagie, ajaze mtungi na azuie wanaume wasiingie. Kukaa hakuweza. Akimaliza kufagia anafuta kioo, akimaliza kioo yuko ukingoni mwa reli anachungulia, mara huyo karudi. Mkuu wa stesheni wa siku hizo ndiye aliyempa lile jina, akidai anamtia kizunguzungu.

Vijana wa leo lazima waelezwe mji huu ulivyokuwa. Kila dirisha lilikuwa na macho. Msichana akionekana mara mbili na mwanamume yuleyule, kabla jua halijazama mama yake ameshaulizwa harusi ni lini. Mke wa mtu hakuketi mkahawani, hakucheka kwa sauti njiani, wala hakusafiri bila wa kumsindikiza. Ya nyumbani yalibaki nyumbani, hata kama majirani walikuwa wameyasikia yote ukutani.

Ndipo wanawake wakakigundua kile chumba. Walikuja hata wasio na safari. Walivua viatu, wakalegeza vitambaa vya kichwa, wakacheka hadi wakashika mbavu. Kanuni ilisema chumba ni cha wasafiri, lakini mkuu wa stesheni akiuliza, Dada alimjibu kwamba hawa wanasubiri treni ya mchana, imechelewa. Ratiba haikuwa na treni ya mchana. Nadhani hakuna treni duniani iliyochelewa kama ile.

Asubuhi moja, mwaka wake wa nne kazini, aliingia mke wa mwuza mbao. Mumewe alikuwa mtu mwenye jina lake, mkarimu kwa wageni, na mjini hapakuwa na asiyejua alivyokuwa mwepesi wa kumwinulia mkewe mkono. Kusema ndiko hakukuwepo. Mwanamke hakuwa na wa kumsindikiza, na nguo zake alikuwa amezificha kikapuni chini ya mboga. Tiketi alikuwa nayo, ya kwenda stesheni ya mwisho. Bahati mbaya, siku hiyo treni ilichelewa kweli. Injini ilikuwa imeharibika njiani.

Habari ikamfikia mwuza mbao kabla treni haijafika. Akaja na kaka yake, nyuma yao nusu ya soko. Dada akatoka nje, akaurudisha mlango, akauegemea. Mkuu wa stesheni, ambaye alikuwa rafiki wa mwuza mbao, akamwamuru apishe.

"Siwezi, bwana mkubwa. Mwanamume haingii humu."

"Mimi ni mumewe!" mwuza mbao akafoka.

"Najua, shemeji. Ndiyo maana nikasema mwanamume."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilizidi kumtia wazimu yule bwana. Dada akaongeza haraka, "Kama ni lazima atolewe, leteni mwanamke aingie amtoe."

Wakamleta mama yake mwuza mbao, bibi aliyeogopwa kuliko mwanawe. Dada akampisha, kwa kuwa alikuwa ameshasema. Komeo lilipolia ndani, alihisi amemuuza mtoto wa watu kwa mdomo wake mwenyewe. Umati ukatega masikio, usiambulie kitu. Treni ikaanza kusikika kwa mbali. Kisha mlango ukafunguka: bibi amemshika mkwewe mkono, na kikapu kakibeba yeye.

"Mama, mnakwenda wapi?"

"Mkwe wangu anasafiri, nami namsindikiza. Kuna ubaya gani?"

Hapakuwa na ubaya. Desturi yote ya mji ilikuwa upande wake. Wakapanda, treni ikaondoka.

Bibi alirudi baada ya wiki, peke yake. Alimpita Dada pale kando ya reli bila kusimama, akasema neno moja tu: "Amefika." Alikufa bila kuongeza la pili.

Bibi kizee hakuwa wa kuadhibiwa, basi adhabu ikamwangukia mhudumu. Alipelekwa kusafisha mabehewa, akakaa huko miaka miwili. Akaitwa mvunja ndoa. Wale waliokuwa wakicheka kule chumbani wakawa wanavuka barabara wakimwona. Alikuwa na mchumba, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Shangazi za kijana huyo wakaja, wakanywa chai ya mama yake Dada hadi wakaimaliza, ndipo wakatamka kwamba kijana ameghairi. Kijana mwenyewe hakuja. Mwaka uliofuata akaoa kwingine.

Mkuu mpya wa stesheni ndiye aliyemtoa mabehewani. Akawa mwanamke wa kwanza kutangaza treni hapa, baadaye msimamizi wa abiria. Alimwita kwa kipaza sauti bwana harusi aliyesinzia benchini wakati treni ya kumpeleka harusini ikianza kuondoka, na stesheni nzima ikamsukumia ndani. Alikiondoa kibao cha "Wasafiri Pekee" mlangoni mwa chumba cha wanawake, nacho hakijarudi. Alitangaza pia, mara nyingi, treni zilizombeba fundi cherehani na wanawe. Sauti haikutikisika. Nilikuwa karibu, niliona vidole vyake vikisokota waya wa kipaza sauti.

Mnaposifu alivyokuwa akizunguka kila treni inapofika, jueni alichokuwa akitafuta. Alikuwa akiangalia nyuso za wanawake wanaoshuka. Wiki iliyopita aliniuliza, "Alifika wapi? Kwenye amani, au kwenye nyumba nyingine kama ile?" Alisema hajuti kusimama pale mlangoni, ila kutojua kunamla.

Kila mstaafu wetu hupewa safari moja ya bure popote reli inapofika. Dada amechagua stesheni ya mwisho ya njia ile aliyopita mke wa mwuza mbao. Hana anwani, ataulizia. Nilimwambia huenda mwanamke huyo ameshafariki, au hataki kutafutwa. Akanijibu, "Najua. Mzigo nimeshaufunga."

Dada, tunakushukuru kwa kila abiria uliyemfikisha na kwa kila mwanamke uliyempa mahali pa kuvua viatu. Tunakuombea afya, miguu isiyochoka, na watu wema kila utakaposhuka. Na jibu lolote litakalokukuta huko, liwe tamu au chungu, Mungu akupe kifua cha kulipokea.