Mulango Uliozibwa

Sogeeni, batoto bangu. Feza, niinue mgongo kidogo. Muhigirwa, zima redio. Leo nasema mimi, na nguvu ya kurudia sina.

Nyumba hii ya Cyangugu naiacha kama nilivyoipokea kwa baba: duka mbele, baraza juu ya barabara inayoshuka darajani, ua nyuma, jiko, kisha ngazi za mawe mpaka ziwani. Soko lilipopanda Kamembe, bantu bakapanda nalo, na maduka ya huku chini yakabaki na makufuli yenye kutu. Mimi nikabaki nayo. Duka ni la Feza. Vyumba vya uani ni vya Muhigirwa. Musigombane, vita vya panzi furaha ya kunguru.

Sasa musikilize kinachoniua kuliko ugonjwa. Bazee benye kujenga mutaa huu balishikanisha nyumba ukuta kwa ukuta, na kati ya ua na ua bakaacha mulango mudogo, bila kufuli, ili bamama bapitie humo siku ya arusi na siku ya kilio. Mama yenu Mukamana alipita humo na ndoo yake, akaosha maiti za bamama ba mutaa mzima. Kaka yenu Habineza nilimpa nyumba ya pili, hii ya nyuma ya ukuta wetu, alipooa. Akagombana na Muhigirwa juu ya mfereji wa maji ya mvua, mfereji tu, akaziba mulango kwa matofali! Muhigirwa, usitazame chini. Mdomo mrefu ulikuwa wako. Wiki ile ile mama yenu akafa, na baoshaji bake bakazunguka barabarani, kanga zimelowa, bakapita katikati ya banaume kama bageni. Kifo ni haki, nilikipokea. Yale matofali yalinivunja moyo mpaka leo.

Nikifa, musinitoe kwa duka. Bomoeni kwanza, jeneza lipite kwa ua wa Habineza, naye ashike upande wa kichwa. Mukishindwa, musinizike karibu na mama yenu. Nitamwambia nini?

Mungu awapanue vifua, awape batoto benye kusameheana... Maji, Feza. Basi, yanatosha.

Nyamazeni. Kikohozi hicho nyuma ya ukuta nakijua tangu kingali cha kitoto. Habineza? Uko hapo tangu asubuhi, ee? Papa yako hana hasira tena. Chukua nyundo, mwanangu... Piga, ningali nasikia.